Mwimo wa Kushoto

Mume wangu alikuwa seremala. Nyumba yetu ya mtaa wa Kasha aliijenga bila msumari hata mmoja wa chuma. Kila nguzo ya mkaratusi aliichonga ncha ikawa ulimi, ulimi akautia kwenye tundu la boriti, kisha akapigilia kijiti kigumu kupita kati. Baina ya nguzo tulijaza fito na udongo. Majirani wenye nyumba za mbao walimcheka.

"Papa, hii iko nyumba ao kitanda?"

"Kitanda kinafunguliwa, kinahamishwa," alijibu. "Musumari unapasua muti."

Watu wenye bunduki walimuulia mlangoni. Walitaka simu, akawapa, wakampiga risasi. Ilimtoka mgongoni ikaingia kwenye mwimo wa kushoto, nguzo ya kando ya mlango. Nilisugua damu kwa majivu, haikutoka yote. Tangu hapo sikupita mlangoni bila kutia kidole ndani ya tundu lile.

Kiangazi kilichofuata, moto ulishika nyumba za chini ya mteremko. Kwetu, mbao zikiwaka, watu hubomoa nyumba inayofuata ili moto ukose njia. Inayofuata ilikuwa yangu.

"Maman, toka! Moto iko inakuja!"

Niliukumbatia mwimo. Jirani akanivuta, nikamuuma mkono hadi nikaonja damu. Wengine wakapiga nguzo kwa mashoka. Mkaratusi mkavu ukayarusha. Wakafunga kamba wakavuta, kamba ikakatika. Nyuma yangu, jirani wa nyumba iliyofuata yangu, mama wa mapacha, alikuwa akitupa sufuria na magodoro nje ya nyumba yake, akilia kwa sauti.

"Bwana yako alijenga gereza?" jirani alinipigia kelele. "Inafungukia wapi?"

Aliyejua ni mimi. Siku ya kujenga nilimshikia mume wangu kila nguzo.

Nikachukua nyundo. Nilianza na kijiti cha juu ya mlango. Nilipiga kama ningewapiga wale watu usoni. Nilitoa matusi ambayo sikujua kama ninayo. Vijiti viliruka, udongo ukapasuka ukanimwagikia, mabati yakalia, na nyumba ikapiga magoti. Waliiburuta kando vipande vipande. Moto ulifika kwenye kiwanja changu, ukazunguka, ukakosa cha kula.

Majirani walirudi kunijengea. Yule jirani alikuja na mkono uliofungwa kitambaa.

"Maman, leo usiniume. Nimeleta udongo."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akainua mwimo wa kushoto, akaona tundu la risasi.

"Tuugeuze," alisema polepole. "Risasi itazame ukutani. Udongo itafunika."

Nami nilitaka hivyo. Nilikuwa nimechoka. Tukaugeuza, tukausukuma juu. Ulimi ukakataa kuingia. Mume wangu aliuchonga pembeni kidogo, si katikati. Unaingia upande mmoja tu.

"Nipunguze kidogo na shoka?"

Niliutazama ule ulimi, alama za patasi ya mume wangu bado zimo.

"Hapana, tonton," nilimwambia jirani. "Urudishe vile ulivyokuwa."

Nikaushika wima, naye akapigilia kijiti.