Hospitali ya Kwenye Mtihani

Wodini walimwita Sista Nusu, naye aliitika, maana kukataa kungemwongezea nini? Chuo cha uuguzi alikimaliza, cheti akapewa, picha akapiga akiwa na joho. Kilichobaki ni mtihani wa leseni, na huo ulikuwa umemwangusha mara mbili bila kumwambia alikosea wapi. Sasa metroni alikuwa ametangaza kwamba atakayekosa leseni safari hii arudishe sare. Alilisema kwa upole, kama mtu anayeagiza chai.

Hapo ndipo lilipozuka darasa la kulipia, la kuwaandaa watahiniwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa famasi, lina picha ya wauguzi wanne wanaocheka, jambo ambalo lilipaswa kumtia shaka mapema. Nyumbani palikuwa na kitu kimoja tu kinachoweza kulipa ada ile: cherehani ya mama.

Akawauliza waliotangulia. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alisoma pale akafaulu.

"Lilikusaidia, dada?"

"Si nilifaulu?"

"Ndiyo, lakini ni darasa au ni wewe?"

"Mdogo wangu, mtu kanywa dawa, kaombewa siku hiyohiyo, kapona. Utamshukuru nani?"

Mwingine, wa wodi ya watoto, alisoma palepale akaanguka, na bado alilisifu. "Bila lile darasa," alisema, "ningeanguka vibaya zaidi."

Jumamosi akaenda kwenye kipindi cha bure, katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Mwalimu, muuguzi mstaafu, aliandika swali ubaoni: mgonjwa anahema kwa shida, utaanza na nini? Kuinua kichwa cha kitanda, kumwekea oksijeni, kukagua vifaa, au kumwita daktari?

Sista Nusu alinyoosha mkono kabla chaki haijatua. "Kukagua vifaa."

"Kwa nini?"

"Mtungi unaweza kuwa mtupu, mwalimu."

Wodini kwao asingeulizwa. Mtu akianza kuhema, muuguzi huchomoa ufunguo wa kabati mfukoni, akaugonga mtungi wa oksijeni na kusikiliza. Ukilia kama kengele, hamna kitu, atafutwe mtu wa kukimbia wodi ya pili.

"Hapa haujawahi kuwa mtupu," mwalimu alisema. "Kitanda kwanza."

"Na kitanda kikigoma kuinuka?" Vya kwao viliinuliwa kwa matofali.

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, alikuwa ameshaisikia hiyo kila muhula. "Sista, kwenye mtihani kila kitanda kinainuka. Glavu hazijaisha, umeme upo, daktari yuko macho. Ukifungua karatasi, hamia huko. Hicho ndicho ninachouza. Mengine mnayajua."

Alishuka ngazi akiwa mwepesi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiijibia hospitali nyingine mambo ya hospitali yao. Siri ameipata bure, na cherehani imepona.

Wepesi huo ulifika mpaka zamu ya mchana. Mzee wa kitanda cha dirishani alianza kuhema, naye akajiambia: kitanda kwanza. Alipojiambia hivyo, ufunguo ulikuwa tayari mkononi na mtungi umeshagongwa. Ulikuwa na kitu, mzee akapata nafuu, na Sista Nusu akabaki ameushika ufunguo, akijua kwamba kwenye karatasi angeanguka tena. Kujua alikuwa amejua. Mkono ndio uliokataa kuhama. Je, mwalimu angeuhamisha kwa wiki kadhaa? Au angeongeza tu jina lake kwenye hesabu ya walioanguka vizuri?

Alirudi nyumbani akiwa hajaamua. Mama alikuwa kitini, anapinda sketi ya jirani kwa mkono. Pale dirishani ilipokuwa cherehani, sakafu ilikuwa na alama nne nyeupe za miguu yake.

"Mama, nilisema tusubiri."

"Ungesubiri mpaka wafunge usajili, nakujua. Nimeshawalipa. Yule wa mapokezi kasema hawarudishi."

Akakaa kwenye stuli, viatu miguuni.

"Watakufundisha nini hasa, mwanangu?"

"Kuinua kitanda."

Mama alisogeza sindano kwenye mwanga, akalitafuta tundu. "Hicho si unakijua?"

"Nakijua, mama," alisema, akachukua upande wa pili wa sketi, akaanza kupinda.