Hapana Kitu Nyamugezi

Veneranda wa Kidahwe alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza aliiimbia kwaya, na ilitosha kumwamsha hata padri katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ndogo, ya Kiha kitupu, na aliitumia mara moja kwa mwaka, kabla ya kupanda, akiwa pekupeku ndani ya msitu wa Nyamugezi na ulezi kiganjani. Katekista akimuuliza ametoka wapi, alitoka kuokota kuni.

Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Mwenye haraka angeuzunguka kabla maharage hayajaiva. Lakini ndani mlikuwa na miti mikongwe ya mivumu, mbega, na chemchemi iliyonywesha nusu ya kijiji. Baba yake, mzee Martini, alikuwa mteko, yaani mwangalizi wa ardhi na mizimu yake. Kukata mti ilikuwa mwiko. Kuni ni zile zilizoanguka zenyewe, na mzee alijua kutofautisha tawi lililoanguka na tawi lililosaidiwa kuanguka. Uzee ulipomfika alimfikiria mwanawe Leonardi, aliyekwisha kukimbilia Ujiji kutengeneza injini za boti, akashusha pumzi, akamrithisha binti.

Pamoja na ulezi alimwachia sharti: mgeni akiuliza habari za Nyamugezi, jibu ni "hapana kitu pale". Akijua kuna kitu, atarudi na shoka. Lilikuwa jibu zuri. Wakata mbao walipewa, wakaenda zao. Wawinda mbega walipewa, nao wakaenda. Miaka nenda rudi, msitu ulilindwa na uongo wa maneno matatu.

Mwaka juzi ukafika upimaji wa ardhi ya kijiji. Mpimaji alikuwa Nathaniel, kijana kutoka Moshi, mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyowaponza. Mkorofi angeshtukiwa mapema. Alimkuta Veneranda akikamua mawese, akampa shikamoo, akakaa kwenye kigoda bila kukipangusa kwanza, akanyoosha kalamu kuelekea Nyamugezi.

"Mama, pale pana nini? Matambiko, chanzo cha maji, chochote cha kuhifadhi?"

Veneranda alijifuta mafuta mikononi. Kando yake aliketi Regina, kiongozi wa kwaya, aliyekuja kununua mawese na masikio yake yote mawili. Kwa hiyo sababu zikawa mbili: baba yake kaburini, na Regina pale kando.

"Hapana kitu pale," akasema.

Nathaniel akaandika. Kijiji kizima kilimjibu hivyo hivyo. Watu walikuwa wamelelewa vizuri. Sharti lilikuwa la wote, ila mwenye haki ya kulifungua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Veneranda, ameshika kopo la mawese. Kumbe kwenye karatasi za wapimaji, mahali pasipo na kitu huitwa shamba.

Ramani ilibandikwa ofisi ya kijiji siku thelathini, mwenye pingamizi aseme. Nyamugezi ilipakwa rangi ya njano, rangi ya mashamba. Veneranda aliipita kila jioni akienda mazoezini, na kila jioni akajiambia kesho. Siku ya thelathini na moja hakukuwa na kesho ya kusingizia.

Misumeno ilinguruma wiki mbili. Mbega wakahamia paa la kanisa, wakahudhuria misa kuliko waumini wengi, kisha wakatoweka. Ikapandwa michikichi. Chemchemi ikawa dimbwi, dimbwi likawa tope.

Alimpigia Leonardi.

"Si ungesema, dada."

"Baba alikataza kuwaambia wageni."

"Yule hakuwa mgeni. Alikuwa serikali."

"Serikali ilizaliwa hapa Kidahwe?"

Leonardi akacheka. Yeye hakucheka.

Mwaka huu Nathaniel amerudi, safari hii kuuliza maji yamekwenda wapi. Veneranda hakungoja kuulizwa. Alimpeleka hadi katikati ya michikichi, akavua ndala, na mbele ya Regina na wanawake wenye ndoo tupu akalitaja jina la mahali, akamtaja baba yake na kazi yake, kisha akaonyesha kila mvumu ulipokuwa umesimama: huu wa kuombea mvua, huu wa waliofiwa, huu ulioinamia maji. Alionyesha hewa. Nathaniel alifuata kidole chake kwa adabu ileile, akaitazama karatasi yake ya zamani.

"Mama, mimi naona michikichi. Na nilipouliza, mlisema hapana kitu."

Regina aliitua ndoo chini.

"Bibi yangu alikuwa akinileta hapa," akasema taratibu. "Nilipokuwa nimekaa pale kwako siku ile, nilikuwa nakungoja wewe, dada Vene. Ungeanzisha tu, sisi tungeitikia."

Veneranda aliinama kutafuta ndala zake kwenye majani makavu, akachukua muda mrefu kuziona, ingawa zilikuwa mbele yake.