Jini la Pembe ya Bwana Shee

Naungama kosa langu mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine. Bwana Shee wa Chundwa alinijia hapa Amu, kilemba kimeshuka hadi nyusi. Chini yake palikuwa na pembe, ndefu kama kidole, katikati ya paji la uso. Ilimuuma kila akisujudu, hata akaacha kwenda msikitini.

Mimi, mwalimu mzima, nikasema ni jini. Siku saba nilimwandikia aya sahanini kwa zafarani, nikaziosha, nikamnywesha kombe. Pembe haikutikisika. Nikaonya kwamba atakayeigusa atapagawa.

Kinyozi wetu, Fundi Athmani, hakujali onyo langu; aliikanda kwa maji ya moto, akalibonyeza shina lake taratibu, akasema, "Hii ni ngozi iliyokakamaa." Akaikata hadi mzizini, akapachoma kwa chuma cha moto ili isirudi. Wallahi, sijaona mkono mwepesi vile!

Nami mbele ya watu nikazidi kung'ang'ania, "Ni jini!"

Fundi akanishika mkono, akanikata ukucha, akautupa makaani pamoja na kipande cha pembe. Vyote viwili vikatoa harufu ile ile moja. Watu wote wakanitazama vidole.

"Basi, mwalimu," akasema kwa upole, "wewe una majini kumi."