Mgeni Aliyeuliza Mifugo Hunywa Wapi

Katika miaka ile ya sabini, baada ya ukame uliowamaliza ng'ombe wetu wengi, sisi wa Isiolo tulikuwa bado tukisema fulani amekwenda Kenya. Maana yake ni kwamba amevuka kizuizi cha polisi na kupanda kuelekea Nanyuki na Nairobi, kana kwamba tulipokaa sisi palikuwa nchi nyingine. Mtu aliyetoka huko tulimpa chai kwanza, kisha tukamtazama viatu. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, usilainishe.

Chifu alimleta mgeni nyumbani kwangu, mtaa wa Bulla Pesa, asubuhi, kwa gari la Landrova ambalo mgeni mwenyewe aliliendesha.

"Salaam aleikum, Mzee. Huyu anakusanya habari za mahali pa kale na mahali pazuri pa kutazamwa. Nchi unaijua wewe. Mwonyeshe kila kitu."

"Aleikum salaam. Kila kitu ni kingi, Chifu. Ana siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi ataona vya siku mbili."

Mgeni alicheka. Chifu hakucheka, nami nikaliweka hilo moyoni.

Nilimhofu mgeni huyo, na hofu yangu ilikuwa na sababu. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa zamu za kunywesha kwenye visima vyetu, vilivyochimbwa katika mchanga wa laga, mto usio na maji juu ya ardhi, nyuma ya kilima kilicho mbali na mji. Visima hivyo ndivyo vilivyowaokoa ng'ombe wachache tuliobaki nao. Awali tuliwahi kuwaonyesha wageni chemchemi nzuri. Baadaye tukaambiwa kwamba chemchemi ni ya wanyama wa porini na ya watalii, na kwamba mchungaji akionekana pale atakamatwa. Visima navyo vingekwenda njia hiyo, kiangazi kinachofuata kingetuzika.

Siku ya kwanza nilimpeleka kwenye makaburi ya askari wa zamani, Wasomali waliopigana vita vya Mwingereza kisha wakapewa makazi hapa. Alivua kofia, akasimama kwa adabu. Kabla hajaivaa tena akauliza, "Mzee, wakati wa kiangazi mifugo hunywa wapi?"

"Mbele ya kaburi unaulizia ng'ombe?"

"Samahani. Ni swali tu."

"Kwetu swali lina miguu. Likitoka hapa litafika mahali."

Jioni bibi yako alimkaangia buni kwa samli, kama tunavyomkaangia mgeni wa heshima. Alitafuna vizuri, akasifu, kisha akauliza tuna ng'ombe wangapi. Wewe umesoma shule, pengine huoni ubaya wa swali hilo. Sisi hatuhesabu mifugo kwa mdomo. Kumhesabia mtu ng'ombe ni kumtakia wapungue.

Bibi yako akamwuliza, "Wewe baba, una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Aa! Unawataja mbio hivyo, kama kuku wa soko?"

Mgeni aliinamisha kichwa. Bibi yako aliponipita akininyooshea kikombe, akaninong'oneza, "Huyo ananusa maji kama ngamia. Mchunge."

Siku ya pili tulikwenda kwenye chemchemi. Alitazama nyayo za nyati tope likiwa bado bichi, akafurahi kama mtoto. Nilidhani tumemaliza. Lakini alisema Chifu amemwambia kuna mirundo ya mawe ya watu wa kale juu ya kilima, akakitaja kilima kile kile. Kukataa kungekuwa kumwambia kwamba kuna kitu. Nikamwelekeza upande usio na visima.

Tulipofika chini ya kilima, rejeta ya gari ilichemka ikapasuka mdomo. Kwa pupa akamimina humo maji yake yote ya kunywa, nayo yakavuja mchangani. Jua lilikuwa la utosi. Aliziba ufa kwa sabuni, kisha midomo yake ikaanza kuwa myeupe kwa kiu.

Gari si kiumbe; lingekufa pale nisingelilia. Lakini kwetu mwenye kisima akimnyima maji mwenye kiu, kisima chake hukauka, na laana hiyo haimchagui mwenyeji wala mgeni. Nikachukua mtungi wake mtupu.

"Kaa kivulini. Usinifuate."

"Ni mbali, Mzee?"

"Utajua nikirudi."

Nilikizunguka kilima kwa upande wa mawe ili nyayo zisionekane, nikaondoa miiba iliyofunika kisima, nikateka, nikairudisha miiba. Kisha nikaketi kivulini huko huko kitambo kirefu ili safari ionekane ndefu. Sijutii.

Mgeni aligugumia, akausimamisha mtungi magotini.

"Maji baridi haya, Mzee."

"Kunywa."

"Maji yaliyobebwa mbali juani hayawi baridi."

"Kunywa, yabakie ya gari."

Akakitazama kilima. Hakuuliza tena neno lolote mpaka mjini, na kimya chake kilinitisha kuliko maswali yake yote.

Kesho yake niliwaita wazee wa kisima, nikawaeleza yaliyotokea.

"Ulimnyima?" mkubwa wao akaniuliza.

"Sikumnyima."

"Ulimwonyesha?"

"Sikumwonyesha."

"Aliyeonja ameonyeshwa," akasema.

Waliona kwamba mahali palipo patupu ndipo panapochukuliwa kwanza. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba familia moja iishi kando ya visima majira yote, mvua na kiangazi, na kwa kuwa maji yalitoka mikononi mwangu, familia ikawa yangu. Bibi yako alifunga vyombo akinung'unika njia nzima. Ndiyo sababu baba yako alizaliwa kwenye vichaka vile, si mjini.

Mwaka uliofuata walikuja watu wenye vigingi na kamba za kupimia ardhi. Niliwauliza nani amewaelekeza. Wakasema ni ramani. Iwapo mgeni wangu alikuwa na mkono humo, au alikaa kimya kwa heshima ya maji aliyokunywa, sijui, na sikumsamehe wala sikumlaumu. Walikuta nyumba, moshi, na mbuzi waliozaa. Mmoja akasema, "Hapa pana wenyewe," wakakunja kamba zao.

Waliomba maji, nikawapa. Walikunywa nje ya boma la miiba, nami nikasimama mlangoni mpaka vumbi la gari lao lilipotua.