Kondoo Aliyepotea Akawa Mbwa

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, 1954. Ukungu ulifunika Lushebere, kwetu milimani, asubuhi. Ng'ombe wetu niliwasikia tu, sikuwaona.

Niliondoka kwa sababu moja. Kule Walikale, katika kijiji kimoja cha msituni, watoto walikuwa wameacha kuja kwenye mafundisho ya dini. Pasta wetu alisema, "Mama Esta, enda ukae kule siku mbili. Batoto bakikataa tena, tutafunga ile darasa." Mimi nilisoma miaka mitatu tu. Nadhani walimu wengine walikuwa wagonjwa.

Siku mbili za kwanza nilishuka milima nikicheka peke yangu, kwa kuwa mgongo wangu haukuwa na mtoto. Ulikuwa na kibuyu cha maziwa. Siku ya tatu, ndani ya msitu, maziwa yalichacha, kizibo kikaruka, nikalowa mpaka kisigino.

Saa tisa nilifika kwa Papa Safari, mwindaji wa kijiji hicho. "Karibu, Mama. Unanukia ngombe!" Sikuweza kubisha. Watoto walikuja mbio kunusa, nami nikawashika hapo hapo na habari ya mchunga kondoo aliyeacha kondoo wote porini akatafute mmoja aliyepotea.

Nyota, binti wa Papa Safari, aliuliza, "Ule mutu iko na akili kweli? Na chui?"

"Chui alishashiba!" akajibu mwingine.

Nikachora kondoo kwa mkaa. Wakasema ni mbuzi mugonjwa. Tulicheka wote, kisha nikaelewa: kondoo hawamjui, hiyo njo sababu darasa lilikufa.

Kesho yake asubuhi hakuja hata mtoto mmoja. Papa Safari alipaka mbwa wake watatu majani puani, desturi ya baba zake, akawafunga kengele za mti shingoni, akaomba kwa jina la Yesu, akaenda kuwinda. Naandika yote mawili kwa kuwa niliona yote mawili.

Jua likishuka alirudi na kengele mbili tu, mbwa mmoja hayupo. Hakukaa, hakula, aligeuka kurudi msituni. Watoto wakasimama ukingoni mwa msitu wakisikiliza. Ko-ko-ko! Kengele ya tatu ikalia. Papa Safari akatokea, mbwa mabegani, miguu ikining'inia. Kijiji kizima kikaanza kucheza.

Nyota akanivuta kitenge. "Mama! Njo yeye! Njo ule mutu wako!"

"Njo yeye," nikasema, nikacheza nami, mimi mtu mzima.

Asubuhi iliyofuata nafasi ya kukaa darasani ilikosekana. Papa Safari alisimama mlangoni: "Ungesema mbwa tangu mwanzo, tusingesumbuka."

Siku tatu nilipanda milima nikiwaza. Nilijifunza kuuliza kwanza mtoto anaogopa kupoteza nini. Pengine nimekosea; Pasta nitamwambia mwenyewe habari ya mbwa, aamue.

Nyumbani nilisimulia. Esta wangu akauliza, "Mama, na imbwa yetu, jina yake nani?" Tukatazamana na baba yake. Mbwa wetu hakuwa na jina.

Jioni tulikula viazi, maharagi na maziwa. Kiazi cha kwanza alipewa mbwa.