Filamu Tuliyoitazama Kabla Shemeji Hajaja

Filamu ile ina sifa moja kubwa: mwanamme mbaya hapigi kelele. Anamwamsha mkewe kwa upole, anamtengenezea chai, kisha anamfichia funguo na kumwambia, "Mke wangu, unasahau sana siku hizi." Anamsukuma ngazini, halafu hospitalini analia kuliko mgonjwa mwenyewe. Nimeona filamu nyingi za mapanga na bunduki, na nyingi zimenipa usingizi. Hii niliikodolea macho, kwa kuwa mume wa dada yangu ana upole wa namna ile ile.

Tuliitazama kwetu Wete, baada ya adhuhuri, watu watatu: mama akikuna nazi, dada amejilaza mkekani, na mimi mdogo wake. Wazee walikuwa wamekata shauri kwamba alasiri ile dada arudi kwa mumewe.

Mwezi mmoja nyuma, shemeji ndiye aliyemleta, kamfunika kanga, mkono umeungua na jino limevunjika. Alisema mkewe kapandwa na jini mahaba, ndilo linalomwangusha na kumtupa motoni. Dada akasema, "Mwongo. Anipiga ye." Hapo ndipo alipojimaliza, maana kwetu kila mtu anajua kazi ya jini mahaba ni kumtia mke chuki na mumewe. Kila alipotaja ngumi, wazee walisema jini ndilo lisemalo. Akazinguliwa kwa visomo, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya, wanaume wawili wa jirani wakamshika miguu huku akilia kwamba mbavu zinamuuma. Mimi nilimwamini na nikasema hivyo, nikaambiwa niangalie nisije nikapandwa na mimi. Mwisho dada akanyamaza. Wazee wakashukuru kwamba amepona.

Turudi kwenye filamu, maana kasoro zake nazo ni nyingi. Nyumba nzima ya ghorofa haina jirani, haina wifi, haina hata kuku. Kila shari ikikaribia, mvua inanyesha. Tena mtafsiri ni mmoja kwa sauti zote, basi mke anapokabwa koo anakoroma kama mzee mwenye ndevu. Lakini kilichoniudhi zaidi ni kwamba tangu mwanzo tunaoneshwa mume akihamisha vitu kwa mkono wake. Mimi nilitaka na mtazamaji naye atiwe shaka, na nilisema kwa sauti.

"Miye napenda hivyo hivyo," mama alinijibu. "Ntu mbaya nshamwona. Hao ndugu wa yule nke ndo vipofu?"

Dada hakuondoa macho kwenye televisheni. "Weye waona kwa kuwa waoneshwa, mama. Miye jikoni kwangu nani kanionesha?"

Mama aliacha kukuna. Akamvuta dada mkono, akapandisha nguo na kulitazama lile kovu la moto, safari hii bila ya shemeji kusimama pembeni kumweleza. Lilikuwa duara kamili, na kutoka ukingoni mwa duara mstari mfupi ulionyooka, kama mpini. Mama amepika umri wake wote.

"Upawa," alisema.

Dada aliitikia kwa kichwa. Nilitaka kupiga ukuta kwa kichwa changu. Mama hakulia. Alikwenda uani, akauchomeka upawa wa chuma ndani ya makaa, akarudi kumalizia nazi yake.

Shemeji akapiga hodi. Kanzu safi, mkononi fungu la samaki.

"Shikamoo mama. Mgonjwa wetu vipi? Jini limetulia?"

"Marahaba baba. Limetulia. Pita uani ukae."

Akakaa. Mama alimkamata shingo kwa mkono uliokamua matui miaka yote, akauchomoa upawa na kumbandika nao mkononi. Ngozi iliungua, na harufu yake naisikia hadi leo. Shemeji alipotaka kuinuka, mama alimpiga nao mdomoni, jino likaanguka juu ya samaki wake. Akampiga tena, na tena, damu ikachafua kanzu yote. Mimi niliikanyaga kanzu hiyo asipate kukimbia, na sitaficha: nilifurahi.

Majirani wakajaa uani kwa mayowe yake.

"Mama nkwe kaniunguza," shemeji alilia.

Mama aliuweka upawa chini, akajifunga kanga yake vizuri. "Si miye, baba," alisema kwa upole ule ule wa shemeji. "Ni jini. Limekupanda weye sasa, limekutupa motoni."

"Mwongo. Kanichoma ye, kanipiga ye."

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Tangu wiki zile za visomo sikuwa nimemsikia akisema na mtu wa nje.

"Jini ndilo lisemalo," alisema. "Nshikeni huyo miguu."

Wale wanaume wawili wa jirani wakatazamana. Kisha wakasogea.