Jina Nililompa Binti Yangu kwa Ujanja

Wanawake wa Kakuma wananisema mpaka leo kwamba nilimdanganya mama mkwe wangu mbele ya watu wazima, tena kwa titi langu mwenyewe. Ni kweli nilimdanganya, na sijatubu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi imeshajaa Wasudani, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwapelekea kuni. Mzigo mmoja, bakuli la mahindi. Mimba haikunipumzisha, kwa sababu mume wangu alikuwa utingo wa lori, wiki hii yuko Lodwar, wiki ijayo yuko Kitale. Mteja wangu wa kudumu alikuwa mama mmoja Mdinka, mrefu hata akiingia nyumbani kwake ilimbidi akunje mgongo kama anatafuta sindano. Ndiye aliyenizalisha. Uchungu ulinikamata mlangoni pake nikiwa bado na kuni kichwani, akatandika gunia, akachemsha wembe, na kabla ya saa sita nilikuwa na msichana.

Alipokuwa akimfunga mtoto kitovu aliniambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba na yeye alikuwa na binti. Walitembea pamoja kutoka kwao, na mtoto akafa kwa kiu siku mbili kabla ya kufika mpakani. Alilitaja jina lake mara moja, jina fupi la rangi ya ng'ombe kama wanavyoitana kwao, kisha akakaza uzi wa kitovu. Silitaji hapa, maana sasa lina mwenyewe. Ukoo wake wote ulikuwa umeishia vitani, hakubaki mtu wa kumzaa mtoto mwingine wa kulibeba. Nilirudi nyumbani nimeshaamua.

Sasa, kwetu mama hajichagulii jina. Mama mkwe hukaa mbele yako na wanawake wa boma, akaita majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, huku mtoto amewekewa titi. Jina litakaloitwa akaanza kunyonya, ndilo lake. Lakini titi ni la nani? Mama mkwe alipoita jina la mama yake, nilibana chuchu kwa vidole viwili. Mtoto akavuta, akakosa, akalia. Akaita la shangazi, nikabana. Kufika jina la tano wanawake walianza kunong'ona kwamba mtoto ana mkosi. Njaa yake ilikuwa ya kweli na roho iliniuma sana, lakini sikuachia.

Mama mkwe hakuwa mjinga. Aliwatoa wenzake nje, akavitazama vidole vyangu.

"Achia," akasema.

"Kwanza uite jina ninalolitaka."

Nikamwambia jina na habari yake yote. Aliwaka. Wakimbizi wamemaliza miti yetu, wamekunywa maji yetu, sasa waingie na kwenye ukoo? Na wafu wake yeye wakakae wapi? Nikamjibu kwamba jina la mama yake limeshabebwa na wasichana wawili humo humo bomani, wa tatu wa nini.

"Marehemu huyu hana hata mmoja," nikamwambia.

Akaapa kwamba jina hilo halitatoka kinywani mwake mpaka azikwe. Basi nikaliita mimi, nikaachia vidole, na mtoto akanyonya hadi akasinzia.

Baada ya hapo mama mkwe alimwita mtoto "huyo wa kuni" na hakumwita kingine. Mume wangu aliposikia kisa alicheka, akakimbilia lori lake. Kule Lodwar karani wa vyeti vya kuzaliwa aliniuliza mara mbili kama sina jina la kwetu, au hata la Biblia. Nikamwambia kalamu ni yake lakini mtoto ni wangu, aandike alivyoambiwa. Akaandika.

Nikaenda kambini na mtoto mgongoni na kuni kichwani, najiona shujaa. Nilikuwa nimepigana na kila mtu, ila mama wa mwenye jina sikuwa nimemwambia neno. Nilipomwita mtoto kwa jina pale mlangoni, yule mama alishika ukuta.

"Jina ya mtoto yangu," akasema. "Wewe hukuniuliza."

Akafunga mlango. Nilirudi na kuni zangu kichwani, nimeona aibu. Lakini jina sikulibadilisha.

Zilipita wiki kadhaa bila yeye kununua kuni zangu. Halafu asubuhi moja, nikirudi na mtungi wa maji, nikamwona anaingia bomani kwetu kwa miguu. Mama mkwe alikuwa amekaa nje ya nyumba, mtoto mapajani. Yule mama hakunitazama. Alichuchumaa mbele ya mama mkwe, akasalimia, "Ejok," kama alivyotusikia sisi tukisalimia, kisha akauliza, "Huyu anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo nijibu mimi, nimwokoe mama mkwe na kiapo chake. Akaninyamazisha kwa mkono. Kisha akalitaja jina yeye mwenyewe, polepole, akilikosea kidogo. Yule mama akamrekebisha. Mama mkwe akalirudia sawasawa, akamwinua mtoto, akampa.